Sikukuu ya Zote

Nukta alikuwa na miaka minne, na hakuna mtu chini ya jua aliyeweza kumwambia vinginevyo. Mwalimu wake wa darasa la awali alijaribu. Alifungua daftari la majina, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole mbele ya darasa zima, kisha akamweleza kwa upole kwamba tangu mwezi wa tatu yeye ni wa miaka mitano. Nukta alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu zake, halafu akamjibu kwamba mitano bado, mama hajaja. Mwalimu akaona hapa pana jambo. Akaandika barua.

Barua ilimkuta Mama Mdogo kazini. Alikuwa mpiga pasi wa Mzee Dobi, kwenye duka lile la kufua nguo lenye kaunta mbele, mashine nyuma, na katikati meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Meza hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake, mwaka wa kumi na moja sasa. Sherehe za mji mzima zilipita mikononi mwake, na hakualikwa hata moja. Suruali ya suti yenye udongo magotini, huyo kapiga goti kuchumbia. Shati la shule lililoandikwa majina mgongoni kwa kalamu za wino, huyo kamaliza mitihani. Gauni la mtoto lenye krimu ya keki kuanzia kola hadi pindo, huyo katimiza mwaka mmoja, na mama yake anataka krimu itoke ifikapo Jumatano.

Alisoma barua ya mwalimu huku pasi inapumua mvuke pembeni, akacheka peke yake. Halafu kicheko kikamkauka, kwa sababu kosa halikuwa la mtoto wala la mwalimu. Kosa lilikuwa lake yeye.

Sasa ili uelewe ni kosa gani, lazima turudi nyuma miaka minne. Nukta na mkubwa wake, watoto hawa wawili, ni wa dada yake, Dada mwenyewe, wa tumbo moja. Baba yao aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kununua betri za redio, na betri hizo hazijafika mpaka leo. Binti mkubwa, ambaye alikuwa haishiwi maneno tangu alipoota meno, watu wakamwita Redio, maana yeye hakuhitaji betri. Mdogo alizaliwa kabla ya wakati, kidogo cha kutia huruma, ndiyo wakamwita Nukta. Dada akabaki na midomo miwili na mikono mitupu. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kupika kwenye kambi ya mgodi, safari ya siku mbili, mahali ambapo mtoto haruhusiwi kukanyaga. Likizo ilikuwa siku kumi na mbili kwa mwaka, na nne kati ya hizo zinaliwa na njia. Nukta alikuwa wa mwaka mmoja na miezi mitano. Mama Mdogo alimpokea mgongoni na mbeleko yake, siku ileile Dada akapanda gari.

Miezi mitatu baadaye Redio alitimiza miaka sita. Mama Mdogo alinunua keki ndogo, akachomeka mishumaa sita, akapiga simu kambini ili Dada asikie watoto wakiimba. Waliimba. Upande wa pili kukawa kimya, kimya cha mtu aliyeweka kiganja mdomoni. Kisha Dada akasema, "Endeleeni tu," na simu ikakatika. Redio akaanza kulia kwamba mama amekasirika. Mama Mdogo, ambaye machozi ya mtoto yalikuwa yanamvunja viungo, akazima mishumaa haraka haraka akasema neno la kwanza lililomjia kichwani.

"Hii si yenyewe. Yenyewe ni mama akija."

Wakubwa walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Lakini siku ile ilimpendeza kila mtu. Keki ikaliwa kama mkate wa kawaida, Redio akapangusa kamasi akabaki na miaka yake mitano, na tangu siku ile hakuna sherehe iliyofanyika nyumbani mule bila Dada. Zote ziliwekwa. Mwezi wa tatu siku ya Nukta ikifika, Mama Mdogo anaitia duara kwenye kalenda kwa penseli na kusema hii tunaiweka. Redio akishika namba mbili darasani, tunaiweka. Jino la kwanza kung'oka, tunaliweka, tena hilo liliwekwa kweli, ndani ya kopo la biskuti la duara lililokaa juu ya kabati pamoja na mishumaa, riboni, ripoti za shule na kipande cha nywele za Nukta za kunyolewa mara ya kwanza. Dada akifika mwezi wa nane kopo linateremshwa, keki inaletwa, na yote yanafanyika kwa mpigo. Redio ndiye aliyeipa jina: Sikukuu ya Zote. Siku hiyo watoto wanakua mwaka mzima kwa pumzi moja.

Redio alikuja kujua kwamba ni mchezo wa nyumbani tu, akaupenda hivyohivyo. Nukta hakujua lingine. Kwake yeye umri ulikuwa mzigo unaoletwa na mama pamoja na ile mifuko mingine.

Na Mama Mdogo? Hapo ndipo penyewe. Yeye ndiye aliyekesha na surua, ndiye aliyefundisha kufunga kamba za viatu, ndiye aliyejua kwamba Nukta haoni usingizi mpaka ashike ncha ya sikio la mtu. Lakini mshumaa hata mmoja wa siku yenyewe hakuwahi kuuona ukipulizwa. Aliweka zote, akamtunzia mwenzake, bila kulamba kidole. Watu dukani wakimsifu hawakukosa kumalizia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikuwa anaitika, huku anakandamiza pasi kwenye kola ya mtu na kumalizia moyoni kwa methali yake, kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Basi mwaka huo, wiki tatu kabla ya likizo, Dada alipiga simu na sauti yake ilikuwa inarukaruka. Kapata kazi ya jikoni kwenye shule ya bweni, mji wa jirani na mgodi. Kapewa vyumba viwili, bomba la maji ndani. Watoto watasoma palepale. "Nakuja kuwachukua, mdogo wangu. Usiwaambie, nitawaambia mwenyewe siku ya sherehe." Mama Mdogo akampa hongera, na hongera ilitoka moyoni, maana miaka minne alikuwa anamwombea Dada atoke kwenye vumbi lile. Ila hakuwa ameomba jibu la namna hii. Kabla ya kukata, Dada akaongeza jambo moja. Alisema kwamba yeye si mtu wa kuja kubeba watoto kama magunia. Wakikataa, hatawaburuta, watabaki, wataonana mwakani.

Wakikataa. Neno hilo lilimganda Mama Mdogo kama wanga kwenye shuka. Alilipiga pasi, akalikunja, likakunjuka tena. Alijua fika kwamba Redio ataondoka, Redio mahali popote penye watu wa kuongea nao ni kwao. Lakini Nukta, yule wa kushika sikio? Nukta angekataa. Neno moja la Mama Mdogo lingetosha, hata nusu ya neno, hata uso tu. Na yeye alitaka akatae. Tuseme ukweli bila kuupaka sukari: alitaka mtoto akatae, na aliona aibu kutaka, na aibu haikupunguza kutaka.

Wiki zile tatu zote ilikuwa viazi vya kukaanga kila siku, na nguo za watoto kupigwa pasi hadi soksi. Redio akauliza kwani kuna mkaguzi anakuja. Mama Mdogo akamwambia ale anyamaze. Alijijua alichokuwa anafanya. Ilikuwa hongo, na alikuwa anaitoa hadharani kwa sahani.

Dada alifika, mweusi kwa jua, mikono imejaa alama za mafuta ya moto. Nukta, ambaye kwenye simu alikuwa anamtumia mabusu ya kelele, alisimama nyuma ya sketi ya Mama Mdogo siku mbili nzima. Siku ya tatu akakubali kulishwa. Siku ya nne alisinzia mchana kifuani kwa mama yake, na mkono wake mdogo ukapanda wenyewe ukashika ncha ya sikio. Dada akamwangalia mdogo wake, macho yamejaa maji, hajui huo mkono umefanya nini. Mama Mdogo alitabasamu akaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sherehe mwaka huo Dada alitaka ikafanyikie baharini. Alisema miaka minne hajaona maji mengi kuliko ya ndoo. Mzee Dobi, ambaye hupenda kujifanya mkali ili watu wasijue, akasema Jumapili ana mzigo wa mashuka wa kupeleka kwenye hoteli ya ufukweni, na kama kuna watu wanataka kujibanza ndani ya gari shauri yao. Wakajibanza. Gari lile lina vyuma viwili vya kutundikia nguo juu, na watoto walikaa chini ya mashati ya watu yaliyokuwa yanayumba kila kona, mikono ya mashati inawapapasa vichwani. Redio aliyapa mashati vyeo. Hili meneja, hili mwalimu mkuu, hili bwana harusi anayejuta. Nukta alishika keki miguuni, ndani ya kapu la nguo, bila kupepesa macho.

Bahari ilikuwa imejaa, na upepo. Walivua viatu. Dada aliingia majini na gauni lake, akasimama hapo maji yakimfika magotini, amefumba macho, hadi Redio akamvuta mkono kumuuliza kama ameganda. Walichimba mashimo, mashimo yakajaa, wakachimba tena. Nukta aliteka maji kwa kikombe cha kupimia sabuni alichopewa na Mzee Dobi, akawa anayapeleka juu mchangani na kuyamwaga, anarudi kuchukua mengine, na ukimuuliza anafanya nini anasema anaihamisha. Mama Mdogo alikaa kwenye mkeka akimtazama. Alimtazama vile unavyotazama chumba unachohama, kona kwa kona, usisahau kitu.

Ilipofika saa ya keki, upepo ukawa adui. Mishumaa ilikuwa kumi na minne, tisa ya Redio na mitano ya Nukta, na kila wakiwasha mitatu au minne, inazimwa. Nukta akaanza kupata wasiwasi wa kweli. Aliuliza kama upepo ukizima, je, ni upepo ndio unaotimiza miaka? Walicheka, lakini yeye alikuwa hafanyi mzaha. Ndipo Mama Mdogo akakimbia garini akarudi na shuka moja jeupe la hoteli, shuka la kazi, alilolipiga pasi kwa mkono wake Ijumaa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kugusa nguo ya mteja kwa shughuli yake. Dada akashika pembe mbili upande huu, yeye pembe mbili upande ule, wakalizungusha shuka kama ukuta, mikono juu, na watoto ndani wamepiga magoti mbele ya keki. Upepo ukapiga ngumi nje. Ndani mishumaa ikasimama wima.

Redio alipuliza yake tisa kwa mbwembwe. Nukta alipuliza mmoja mmoja, akihesabu, na alipofika wa tano alishusha pumzi kama mzee aliyetua mzigo. "Tayari," akasema. Sasa alikuwa na mitano.

Dada akasafisha koo. Akawaambia wakati huohuo, mikono bado juu. Aliwaambia kuhusu shule, vyumba viwili, bomba la ndani, kwamba kesho kutwa watapanda gari wote watatu. Redio hakungoja nukta wala mkato. Aliuliza kama kuna kitanda cha juu na cha chini, kama kuna wasichana wa umri wake, kama bomba linatoa maji hata mchana, kama darasani watu wanakaa wawili wawili au watatu watatu. Kabla shuka halijayumba mara mbili alikuwa ameshahama.

Nukta alikuwa analamba krimu iliyoshika mshumaa. Aliulamba hadi ukawa safi, akauweka kando, akainua uso.

"Na Mama Mdogo analala wapi?"

Dada aligeuza macho polepole juu ya shuka, akamtazama mdogo wake, na katika mtazamo ule Mama Mdogo aliona kwamba mwenzake anajua kila kitu. Anajua viazi, anajua soksi. Anangoja. Ahadi yake aliyoitoa kwenye simu bado ilikuwa inasimama: akikataa, atabaki.

Neno lilikuwa pale, kwenye ulimi. Nitabaki peke yangu. Ni maneno matatu tu. Hata moja lingetosha. Angeyasema hata kwa kucheka, hata kwa kuyatania, na mtoto angeacha keki akamrukia shingoni, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumlaumu, kwani si kweli? Machozi yakatangulia, na hakuwa na mkono wa kuyapangusa, yote miwili iko juu na shuka la watu. Akaacha yateremke.

"Nalala palepale pangu," akasema. "Nina nguo za watu za kupiga pasi. Wewe nenda na mama."

Nukta akafikiri. "Kwa hiyo wewe ndiye utakuwa mbali."

"Mimi ndiye nitakuwa mbali."

"Kama mama alivyokuwa."

"Kama mama."

"Haya," akasema Nukta. Akachukua kikombe chake cha sabuni, akapita chini ya shuka, akaenda kuendelea kuihamisha bahari.

Haya! Miaka minne, surua, mbeleko, viatu, sikio, na malipo yake ni haya. Mama Mdogo alishusha mikono, akakunja shuka pembe kwa pembe, mchanga ukimwagika miguuni mwake. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, alikuwa amejiandaa hata kwa ugomvi na Dada, lakini hakujiandaa kwa haya. Dada alimshika bega akataka kusema kitu, na Mama Mdogo akasema keki itaingia mchanga, waile haraka.

Siku ya safari begi moja halikutosha, yakawa matatu. Redio aliaga mtaa mzima, pamoja na watu ambao hawakuwa wakimjua. Nukta alikuwa na ombi moja tu: anataka kopo la biskuti. Mama Mdogo alilishika kopo lile kifuani kwa nguvu kuliko alivyopaswa. Alikuwa amepanga hilo libaki, akijidanganya kwamba likibaki kopo ni kama wamebaki kidogo. Akamuuliza la nini, Nukta akasema la kuwekea. Akadhani ni zile kombe alizookota ufukweni. Akaona hata hili wanalitaka, basi chukueni, chukueni yote. Akampa. Gari lilipoondoka Nukta alikuwa dirishani, kopo mapajani, anapunga mkono kwa utulivu kama mtu anayekwenda dukani na kurudi.

Juu ya kabati likabaki duara safi katikati ya vumbi. Mama Mdogo hakulipangusa. Jioni alikuwa anamenya viazi vingi mno, anakumbuka, anarudisha. Siku moja kazini alikuta soksi ya mtoto imenasa ndani ya mfuko wa foronya ya mteja, soksi ya mtu mwingine kabisa, akaipiga pasi mara tatu hadi Mzee Dobi akamuuliza kama anataka iongee.

Mwezi wa kumi na moja Redio alitimiza miaka kumi. Aliitimiza siku ileile yenyewe, pale bwenini, na wasichana arobaini wakamwimbia. Dada alipiga simu Mama Mdogo asikie. Alisikia. Zilikuwa sauti nyingi, zenye furaha, na sauti ya Redio ikiwa juu ya zote, anaelekeza nani aimbe nini. Mama Mdogo aliweka kiganja mdomoni. Sasa alijua upande ule wa simu unavyokuwa. "Endeleeni tu," akasema, akakata, akaenda kusimama nyuma kwenye mashine ambako kelele zake zinatosha watu wawili. Hapo akaelewa kwamba ile sikukuu imekwisha, na ni haki iishe. Watoto wa watu hukua siku zao. Ni yeye aliyewafundisha kungoja, na Dada amewaachisha, na Dada yuko sawa. Alijisemea hivyo mara nyingi, na kila mara ilikuwa kweli, na haikusaidia.

Mwezi wa tatu ulipofika alikuwa na kalenda mpya. Alishika penseli asubuhi ile, akaitazama tarehe, akairudisha penseli mahali pake bila kuchora duara. Akaenda kazini. Alikuwa katikati ya shati la watu, anapiga mkono wa kushoto, simu ikaita. Dada. Akaandaa sauti yake ya kusikiliza watu wakiimba.

Lakini hakuna aliyekuwa anaimba.

Dada alieleza kwa kunong'ona, kama mtu aliyetoka nje ya chumba cha mgonjwa. Amepika keki mwenyewe, ya jikoni kwake, kubwa. Amewasha mishumaa sita. Nukta ameitazama keki, ameizima mishumaa, si kwa kupuliza, kwa kuifunika na sufuria. Halafu ameing'oa yote sita, ameifuta, ameiweka ndani ya kopo la biskuti. Ndani mle, Dada amekuta jino la pili la Nukta, mchoro wa bomba, ripoti ya muhula, na riboni ya siku ya michezo. Vyote vimewekwa. Ametumia miezi saba kuweka, na hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani kila mtu anajua. Shuleni wamemwandika sita, yeye kafuta kwa kidole.

"Nimemwambia mimi ni mama yake na nipo," Dada akasema. "Kaniambia anajua. Kaniambia hii si yenyewe." Kisha akaongeza, "Mdogo wangu, siku ile ya shuka niliona ulichoniachia, ila sikujua ni kikubwa kiasi gani. Nikajua baadaye. Samahani nimechelewa kusema."

Mama Mdogo alisema ampe mtoto simu. Alisikia viatu, kisha pumzi ya karibu sana, pumzi ile ya kuweka mdomo kwenye matundu ya simu.

"Mama Mdogo."

"Naam, baba."

"Unakuja lini?" Sauti haikuwa ya kulalamika. Ilikuwa ya mtu mwenye subira inayofika ukingoni. "Mimi nimechoka kuwa na miaka mitano."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani. Mzee Dobi alitoka mbele kwenye kaunta mbio, akakuta pasi imelala juu ya shati na mpiga pasi wake wa miaka kumi na mmoja amekaa sakafuni, simu sikioni, analia na kucheka kwa pamoja. Aliiondoa pasi mwenyewe. Kwenye mkono wa shati palikuwa na alama ya pasi nzima, ya kahawia, kila kona. Lilikuwa shati la mtu mwenye maneno. Mzee Dobi akalikunja alama ikaingia ndani, akalitupa kwenye kapu la hasara.

Mama Mdogo alisimama, akapangusa uso kwa pindo la aproni. Akamwomba siku kumi na mbili, nne za njiani. Katika miaka yote ile hakuwahi kuomba likizo, kwani aende wapi? Mzee Dobi alivaa ukali wake, akatazama milima ya nguo inayongoja mezani, akauliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba. Kuna mtoto anatimiza miaka sita."

"Anatimiza lini?"

"Nikifika," akasema.